Kibali cha Maji Kisichotaja Kiangazi

Ndugu wasomaji, juma hili twaliacha kando jiko na malezi, tulitazame jambo ambalo likikosekana chungu hakipandwi jikoni wala mtoto haogi. Jambo lenyewe ni maji ya kijito, na ruhusa ya kuyachukua.

Mama mmoja wa Kizuka, katika Rumonge, mke wa askari aliye kazini mbali na nyumbani, ametueleza shida yake. Kijito wanachochota yeye na majirani zake hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Mwaka jana, masika yalipokuwa yakimalizika, jirani wa upande wa juu alileta pampu ya petroli, akaanza kumwagilia nyanya na vitunguu. Mwezi wa tano hakuna aliyenung'unika. Mwezi wa nane, kila ilipofika saa tatu asubuhi mkondo ulianza kupungua, na adhuhuri palibaki mawe na matope. Akina mama walipokwenda kusema, jirani alitoa karatasi yenye mhuri. Askari polisi aliyeitwa aliisoma, akaona ni halali, akaenda zake. Mama yetu auliza: “Mtu akiwa na kibali, basi sisi wa chini hatuna tena la kusema?”

Swali hili ni la watu wengi kuliko yeye. Ni la familia zilizo katika nyumba za kambi, la askari aliyestaafu akajinunulia pampu, na la polisi anayeitwa kuamua ugomvi wa maji hali mkononi hana kipimo. Jibu letu ni kwamba wanalo la kusema. Kibali ni ahadi yenye masharti, na uzito wake wote umo katika masharti hayo. Kibali kisichoeleza mwenye nacho afanye nini wakati wa kiangazi, na ambacho jirani wa chini hawezi kukihakiki kwa macho yake, kimeandikwa nusu tu.

ZIWA MBELE, NDOO TUPU NYUMA

Mgeni afikapo pwani ya Rumonge hushangaa kusikia habari ya shida ya maji. Mbele yake limetandaa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, lenye mita 1,470 pale palipo na kina kirefu kuliko pote. Mwaka 2024 ziwa hilo lilipanda hata likaingia katika nyumba za watu waliokaa karibu na ufuo. Je, mtu aweza kukosa maji mahali kama hapo?

Aweza, tena sana. Maji ya ziwa yako chini, na nyumba nyingi na mashamba mengi yako juu, kwenye uwanda wa Imbo na kwenye miteremko ya Mumirwa. Kuyapandisha maji kwataka mashine na mafuta. Tena maji ya ufuoni, palipo na bandari, soko na vyoo vibovu, hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Pwani yetu imekwisha kuonja kipindupindu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo nyumba isiyo na bomba hutegemea chemchemi na vijito. Maji yale machache ya kijito ndiyo yanayoingia chunguni, wala si yale mengi yanayoonekana mbele ya macho.

Vijito hivyo hivyo ndivyo vinavyotafutwa na wengine. Mwenye nyanya avitaka, mwenye mpunga avitaka, na mwenye kinu cha mawese avitaka, kwa maana mawese hayakamuliwi bila maji mengi ya kuchemshia na kuoshea. Hawa wote ni wananchi, na kazi zao zalisha watu. Hatusemi wazuiwe. Twasema wagawiwe kwa kipimo.

MTO WA MASIKA NA MTO WA KIANGAZI

Kosa kubwa katika vibali vingi ni kuhesabu mto ukiwa umejaa. Mwenye kuomba huja wakati wa mvua, mkaguzi huona maji yakipita kwa fujo, na karatasi huandikwa kiasi fulani cha lita kwa sekunde. Miezi mitatu baadaye mto ule haupo tena. Upo mwingine, mwembamba, wenye jina lile lile.

Kila nyumba yaweza kulipima jambo hili yenyewe. Chagua mahali kijito kinaponyooka kwa mita 10. Pima upana wake na kina chake. Dondosha jani kavu juu ya maji, uhesabu sekunde zitakazopita mpaka limalize zile mita 10. Zidisha upana kwa kina, uzidishe tena kwa mwendo wa jani katika sekunde moja, kisha upunguze sehemu 1 katika 5, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu.

Tuchukue mfano wa kijito chenye upana wa mita 1 na kina cha sentimita 20 mwezi wa nne, ambamo jani hupita mita 10 kwa sekunde 25. Hesabu yatoa lita 80 kwa sekunde, na baada ya kupunguza zabaki 64. Mwezi wa nane upana umekuwa nusu mita, kina sentimita 10, na jani lachukua sekunde 50. Sasa zabaki lita 8 tu. Pampu ndogo ya petroli, yenye bomba la inchi 2, yaweza kuvuta lita 500 hivi kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya lita 8 kwa sekunde. Mwezi wa nne pampu hiyo ilichukua sehemu 1 katika 8 ya kijito. Mwezi wa nane imekitwaa chote. Pampu ni ile ile, karatasi ni ile ile, na mwenye nayo hakuongeza hata tone. Kilichobadilika ni mto.

Tuendelee kidogo na hesabu, maana yaleta faraja. Lita 8 kwa sekunde ni lita 691,200 kwa siku nzima. Familia ya watu 7, kila mtu akitumia lita 20, yahitaji lita 140. Robo moja tu ya kijito kile cha kiangazi, yaani lita 2 kwa sekunde, yatosha familia zaidi ya 1,200. Waona, ndugu msomaji, kwamba hata wakati wa kiangazi kikali maji ya kunywa na ya kupikia hayakosekani kwa sababu ya uchache wa mto. Yanakosekana kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba robo ile isiguswe.

SOMO LA USANGU

Majirani zetu wa Tanzania walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Sheria yao ya Maji namba 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya Jamhuri, na mtu aliyetaka kuyatumia kwa wingi alipewa kile kilichoitwa haki ya maji. Katika uwanda wa Usangu, mkoani Mbeya, yalikuwako mashamba makubwa ya mpunga ya serikali, Mbarali na Kapunga, na pembeni yake mashamba mengi ya wakulima wadogo. Yalijengwa mabanio ya saruji yenye malango ya chuma, mazuri ya kutazamwa. Banio la zamani la miti na mawe lilivuja, na kuvuja kwake kulikuwa ndiyo riziki ya watu wa chini. Banio la saruji halivuji. Lango likifunguliwa kiangazi, mkondo wote waweza kuingia mferejini.

Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, unaotoka Usangu na kupita katika Hifadhi ya Ruaha hadi bwawa la Mtera, ulianza kukatika wakati wa kiangazi. Viboko walibanana katika madimbwi. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, na mto ukaendelea kukatika. Haki za maji zilikuwako, zimeandikwa kwa lita kwa sekunde, na ada zilikuwa zikilipwa. Watafiti waliofika huko waliona hata ada yenyewe iligeuka hoja, kwa kuwa aliyelipa alijiona amekwisha kununua maji, basi yu huru kuyachukua yawepo mengi au machache. Karatasi iliyokusudiwa kumzuia mtu ikawa ngao yake.

Sheria mpya ya Tanzania, namba 11 ya mwaka 2009, imejaribu kulisahihisha jambo hilo. Yatoa vibali vya kutumia maji kupitia bodi za mabonde, na moja ya bodi hizo ni ya Bonde la Ziwa Tanganyika, jirani zetu wa Kigoma. Yatambua pia kwamba kuna akiba ya maji ambayo haina budi kubaki kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe.

Kwetu Burundi ipo Sheria ya Maji namba 1/02 ya tarehe 26 Machi 2012. Yaeleza kwamba maji ni mali ya umma, na imeweka ukanda wa mita 150 kando ya Tanganyika usiojengwa ovyo. Msingi umekwisha kuwekwa. Kazi iliyobaki ni ya masharti, kijito kwa kijito.

MASHARTI YAFAAYO KUANDIKWA

Sharti la kwanza ni maji ya nyumbani yatangulie. Si jambo geni. Huko Oman, walikotoka mababu wa baadhi ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki, mfereji wa falaji ukiingia kijijini hupita kwanza mahali pa kuteka maji ya kunywa, kisha msikitini na penye kuogea, ndipo ukaenda mashambani. Wenye bustani hugawana kwa zamu za saa, ambazo zamani zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2006 falaji 5 za huko ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hakuna aliyetakiwa kujua lita ngapi zinapita kwa sekunde. Kila mtu alijua zamu yake, na mtoto aliweza kumwonyesha mwizi.

Sharti la pili ni alama. Badala ya kuandika lita tu, kibali kitaje jiwe au nguzo iliyopakwa rangi katika kijito, chini ya mahali pa kuvutia. Maji yakifunika alama, pampu ruksa. Yakishuka chini ya alama, pampu izimwe. Mama mwenye bidoni kichwani aweza kuisoma alama hiyo bila shule ya hesabu, na polisi aweza kuisoma bila kumwita mhandisi. Fundi wa maji ndiye apimaye alama iwekwe wapi, na apime kiangazi.

Sharti la tatu ni saa. Nyumba huteka maji alfajiri na jioni. Basi pampu isiwashwe nyakati hizo. Mwenye shamba kubwa aweza kuvuta usiku kwa kiasi, akajaza bwawa lake, asubuhi akamwagilia kutoka bwawani. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2007 zilikwenda mbali zaidi, zikamtaka mwenye kumwagilia awe na hifadhi ya maji ya kumtosha siku 90, ili achote wakati wa mafuriko na auache mto upumue wakati wa ukame. Kwa mkulima mdogo wa Kizuka siku 90 ni mzigo mkubwa. Lakini bwawa la siku 3 au 4 laweza kuchimbwa na familia moja kwa majembe.

Sharti la nne lahusu chombo. Uganda iliweka katika kanuni zake za mwaka 1998 kwamba anayetumia zaidi ya mita za ujazo 400 kwa siku ahitaji kibali. Lakini haikuishia hapo, ilitaja pia pampu ya injini. Hilo lina busara, maana kipimo kinachoufaa mto mkubwa chaweza kukiua kijito. Basi kibali kitaje ukubwa wa pampu na upana wa bomba, na kikataze kuziba kijito kutoka ukingo hadi ukingo. Atakayebadilisha pampu ya inchi 2 kwa ya inchi 3 aombe upya.

Sharti la tano lahusu kinachorudi. Maji yaliyozidi shambani yarudishwe kijitoni. Petroli na dawa za wadudu ziwekwe mbali na ukingo. Na kinu cha mawese kisimwage maji yake machafu mtoni, maana yale maji ya rangi ya kahawia yenye mafuta huoza, yakala hewa iliyomo majini, samaki wakafa na maji yakanuka. Yachimbiwe shimo mbali na mkondo.

Sharti la sita ni jina, muda na uwazi. Kibali kitaje mtu, shamba na mwaka wa kwisha, wala kisiuzwe kama mbuzi. Kabla hakijatolewa, kisomwe mbele ya watu wa chini, na nakala yake ikae kwa mkuu wa kilima. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 yataka maombi ya kibali yapitishwe kwanza kwa wananchi wapate kutoa maoni. Kibali kilichokwisha kusikika hadharani hakihitaji walinzi wengi, kwa kuwa kila jirani ni mlinzi wake.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Hapa twasema na ndugu zetu wa jeshi na polisi, pamoja na familia zao. Kambi nayo hunywa, hufua na hulima. Kwa mto, kambi ni jirani kama majirani wengine, ila ni jirani mkubwa. Inapokuwa upande wa juu, masharti yale yale yaifae. Askari akiizima pampu ya bustani ya kambi kwa sababu alama imeonekana, amewafundisha raia sheria kuliko mikutano kumi. Na askari mstaafu mwenye pampu asiseme, “Mimi nimelitumikia taifa.” Mama anayesubiri chini naye amelitumikia, kwa kumlea mtoto peke yake mumewe akiwa zamu.

Kwa polisi anayeitwa penye ugomvi, twamwomba asiishie kwenye mhuri. Aulize maswali matatu. Kibali kinasema nini juu ya kiangazi? Bomba lililopo ndilo lililoandikwa? Watu wa chini wanapata maji ya kunywa leo? Ikiwa karatasi haina majibu, si kosa la polisi, wala pengine si kosa la mwenye pampu. Ni kasoro ya karatasi, na dawa yake ni kuirudisha kwa waliyoitoa ikamilishwe. Aandike hivyo katika taarifa yake. Taarifa moja ya namna hiyo yaweza kuzuia mapanga ya kiangazi kijacho.

Sasa turudi kwa mama yetu wa Kizuka. Mama, usiende peke yako, wala usiende kwa hasira. Jikusanyeni majirani wa chini, wake kwa waume. Pimeni kijito kwa jani na saa kila Jumamosi, kuanzia mwezi wa tano hadi mvua za mwezi wa kumi, mkaandike tarehe na hesabu katika daftari la mtoto wa shule. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mto ni mali. Kisha mwendeeni mkuu wa kilima pamoja na wazee wa Bashingantahe, mkaombe kibali kisomwe mbele ya pande zote mbili. Msiombe kifutwe. Ombeni kiongezwe alama, saa, na robo isiyoguswa. Mwenye nyanya naye asikilizwe, kwa maana nyanya zake ndizo mnazonunua sokoni, na pengine bwawa lake mtamsaidia kulichimba.

Husemwa kwamba aliye juu mngoje chini. Penye kijito maneno hayo yana maana nyingine pia, kwa kuwa aliye chini ndiye anayemngoja wa juu, kila asubuhi, na ndoo mkononi. Haki ya maji ni kumwondolea kungoja huko.

Hadi juma lijalo, tunzeni vyanzo vyenu, na maji ya kunywa myachemshe.